Henry Ford na Motokaa ya Namna Moja

1. Mtoto wa Mkulima

Kaskazini mwa nchi ya Marekani liko jimbo la Michigan, na katika jimbo hilo umo mji mkubwa uitwao Detroit. Karibu na mji huo, mahali panapoitwa leo Dearborn, palikuwa na shamba la mkulima mmoja, jina lake William Ford. Mtu huyo alizaliwa Ireland, akavuka bahari pamoja na jamaa zake wakati wa njaa kubwa iliyoipata nchi yao, akajipatia ardhi kwa jasho lake. Tarehe 30 Julai 1863 mkewe, Mary, alijifungua mtoto wa kiume, nao wakamwita Henry.

Henry alilelewa kama watoto wote wa wakulima. Alikama ng'ombe, alichanja kuni, alifuata plau. Lakini tangu utoto wake moyo wake haukuwa katika jembe, ulikuwa katika vyombo vya chuma. Aliona kwamba kazi ya shamba ni nyingi mno na pato lake ni haba, akafikiri daima kama haiwezekani mashine kumpunguzia mkulima mzigo wake. Alipopata saa ya mfukoni aliifungua, akaitazama namna inavyokwenda, kisha akairudisha kama ilivyokuwa. Majirani waliposikia, wakaanza kumletea saa zao mbovu. Hakuwa na vyombo vya fundi; basi aliuchonga msumari kwa tupa, akaufanya bisibisi.

Mwaka 1876 ulimletea huzuni na ajabu pia. Huzuni ni kwamba mama yake alifariki dunia, naye Henry alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Ajabu ni hii: siku moja alikuwa amepanda gari la farasi pamoja na baba yake kwenda Detroit, wakakutana na mashine ya mvuke ikijiendesha yenyewe barabarani, wala haikuvutwa na mnyama. Kabla baba yake hajasema neno, Henry aliruka chini, akamwendea mwenye mashine na kumwuliza maswali mengi. Yule mtu akamwonyesha mnyororo uliotoka katika injini mpaka magurudumu ya nyuma. Akamweleza kwamba injini huzunguka mara 200 kwa dakika moja, na kwamba lile gurudumu dogo la meno linaloshika mnyororo laweza kusogezwa kando, gari likasimama na injini ikaendelea kuzunguka.

Henry hakuyasahau maneno hayo mpaka uzee wake. Siku ile alijifunza kwamba injini yenye nguvu haitoshi. Lazima iwepo njia ya kuifikisha nguvu hiyo kwenye magurudumu ya nyuma kwa kipimo kinachofaa.

2. Fundi wa Detroit

Alipotimiza miaka 16, mwaka 1879, Henry aliondoka shambani akaenda Detroit kwa miguu, akaingia kazini katika karakana ya mashine. Baadaye alifanya kazi mahali palipoundwa meli. Mshahara haukumtosha, kwa hiyo usiku alitengeneza saa za watu. Akafikiri kufungua kiwanda cha saa, kutengeneza saa za namna moja tu, nyingi sana, ziwe rahisi kwa kila mtu. Kisha akaliacha shauri hilo, kwa maana aliona kwamba si watu wote wanaohitaji saa. Lakini mbegu ya mawazo yale ilibaki moyoni mwake: kitu kimoja, cha namna moja, kwa watu wote, kwa bei ndogo.

Mwaka 1882 alirudi nyumbani, akawa akiendesha mashine ya mvuke katika mashamba ya majirani. Mwaka 1888 alimwoa msichana aitwaye Clara Bryant. Baba yake alimpa ardhi, akitumaini kwamba sasa mwanawe atatulia kama wakulima wengine. Hakutulia. Mwaka 1891 yeye na mkewe walihamia Detroit, naye akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison. Baada ya miaka miwili akawa fundi mkuu, na katika mwaka huo huo wa 1893 akazaliwa mtoto wao wa pekee, Edsel.

Usiku kabla ya Krismasi mwaka 1893, Henry alileta jikoni injini ndogo aliyoiunda mwenyewe, akaifunga penye beseni la kuoshea vyombo. Clara alikuwa na kazi nyingi za sikukuu, tena mtoto mchanga alikuwa amelala chumba cha pili. Hata hivyo aliacha kazi zake, akawa akimimina petroli tone kwa tone, na mumewe akaizungusha injini. Ikalia, ikatoa moshi, ikaenda. Tangu usiku ule Clara hakuwa na shaka juu ya kazi ya mumewe, na Henry naye hakusahau msaada wake.

Miaka miwili na nusu ikapita. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896 gari lake la kwanza lilikuwa tayari ndani ya kibanda nyuma ya nyumba. Lakini fundi huyu hodari alikuwa amesahau jambo moja: mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba kuliko gari. Akatwaa shoka, akabomoa matofali ya ukuta, akalitoa gari nje. Rafiki yake alitangulia kwa baisikeli ili kuwaonya watu wenye farasi, na Henry akaliendesha katika njia za Detroit. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baisikeli, na uzito wake ulikuwa kama ratili 500. Lilikuwa na mikanda miwili ya kuendeshea, mmoja kwa mwendo wa maili 10 kwa saa na mwingine kwa maili 20. Kurudi nyuma halikuweza kabisa.

Mwaka huo huo Henry alikutana na Thomas Edison, yule mvumbuzi mashuhuri wa taa za umeme, akamweleza habari za gari lake. Edison alimtia moyo, akamhimiza aendelee. Maneno ya mtu mkubwa yaweza kumjenga mdogo kwa miaka mingi, na ndivyo ilivyokuwa.

3. Kushindwa na Kuanza Tena

Mwaka 1899 Henry aliacha kazi ya umeme, akaingia katika kampuni ya kwanza ya motokaa. Kampuni hiyo ikavunjika mapema mwaka 1901. Akaunda motokaa ya mashindano, na mwezi wa Oktoba mwaka ule akamshinda Alexander Winton, aliyesifika sana wakati ule. Kwa ajili ya sifa hiyo matajiri wakafungua kampuni nyingine kwa jina la Ford. Lakini yeye na matajiri hawakupatana, akaondoka mwaka 1902. Kampuni aliyoiacha ikatiwa mikononi mwa fundi mwingine, Henry Leland, ikawa kampuni ya Cadillac.

Hivyo alikuwa ameshindwa mara mbili, naye alikaribia umri wa miaka 40. Wengi wangerudi shambani. Henry akaanza mara ya tatu. Tarehe 16 Juni 1903 kampuni ya Ford Motor Company iliandikishwa, yeye pamoja na wenzake kadhaa, miongoni mwao ndugu wawili wa jamaa ya Dodge waliomtengenezea injini, na James Couzens aliyeshika hesabu. Kampuni ikauza motokaa za namna mbalimbali, nyingine za bei kubwa na nyingine za bei ndogo. Henry akatazama, akaona kwamba zile za bei ndogo ndizo zilizopendwa na watu wengi. Ile mbegu ya ujana wake ikachipuka.

4. Motokaa ya Watu Wote

Tarehe 1 Oktoba 1908 ilitolewa motokaa iliyoitwa Model T. Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20. Chuma chake kilikuwa cha pua kilichochanganywa na madini ya vanadiamu, chepesi na kigumu. Ilisimama juu sana, kwa kuwa barabara za mashamba ya Marekani zilikuwa na matope, mawe na makorongo. Bei yake mwanzoni ilikuwa dola 825 kwa ile ndogo na dola 850 kwa ile ya watu watano.

Inafaa tuitazame sehemu yake ya nyuma, kwa maana hapo panaonekana mawazo ya Henry Ford. Kila mtu aliyepanda baisikeli amekwisha kuona kwamba penye miguu pana gurudumu kubwa la meno, na penye gurudumu la nyuma pana dogo. Kubwa likizunguka mara moja, dogo huzunguka mara kadhaa, kwa hiyo mpandaji huenda mbio kuliko miguu yake. Katika motokaa mambo ni kinyume. Injini huzunguka kwa kasi mno, lakini nguvu yake kwa kila mzunguko ni ndogo. Basi shafti inayotoka mbele huwa na gurudumu dogo la meno mwishoni, nalo huuma gurudumu kubwa la meno lililomo katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa njia hiyo mwendo hupungua na nguvu huongezeka.

Katika Model T lile dogo lilikuwa na meno 11, na lile kubwa lilikuwa na meno 40. Maana yake, shafti ilizunguka mara 40 ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara 11. Ukigawanya 40 kwa 11 unapata 3.64, na hesabu hiyo ndiyo iitwayo uwiano wa ekseli. Uwiano ukiwa mdogo, kama 3, motokaa hukimbia sana penye tambarare wala injini haichoki, lakini mlima huishinda. Uwiano ukiwa mkubwa, kama 4 na zaidi, motokaa hupanda milima na kuchukua mizigo, lakini penye tambarare injini hupiga kelele na mwendo ni mdogo. Hakuna uwiano ulio mwema kwa kazi zote. Henry Ford alichagua wa katikati, usiomfaa mtu mmoja sana kuliko wote, bali unaowafaa wengi kwa kiasi.

Zaidi ya hayo, motokaa hiyo ilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, nazo zilitiwa kwa kukanyaga. Katika gia ya nguvu injini ilizunguka mara 10 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu la nyuma. Katika gia ya kurudi nyuma ilizunguka mara 14 na zaidi, kwa hiyo nguvu ya kurudi nyuma ilipita nguvu ya kwenda mbele. Tena petroli ilikaa chini ya kiti, ikatiririka yenyewe mpaka kwenye injini. Mlima ulipokuwa mkali na petroli ilipokuwa kidogo, haikuweza kufika mbele. Basi madereva wakajua dawa yake: waligeuza motokaa, wakaupanda mlima kinyumenyume.

Watu waliicheka, lakini waliinunua. Mkulima aliyekaa maili 20 kutoka mjini sasa aliweza kumfikisha mgonjwa kwa daktari siku ile ile. Siku za kazi aliinua gurudumu moja la nyuma kutoka ardhini, akalivika mkanda, nalo likamsagia nafaka na kumpasulia mbao. Motokaa ilipovunjika aliitengeneza mwenyewe, kwa maana vipande vyake vyote vilikuwa vya namna moja, na kila mji ulikuwa navyo. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 motokaa za Ford zilifika hata Afrika ya Mashariki, zikachukua majeruhi na mizigo ya majeshi ya Waingereza.

5. Kiwanda Kinachotembea

Mwaka 1910 kazi ilihamishwa katika kiwanda kipya cha Highland Park. Mwaka 1913 Henry Ford na mafundi wake walibadili namna ya kazi. Zamani mafundi waliizunguka motokaa moja mpaka ikamalizika. Sasa motokaa ilivutwa polepole, na kila mtu alisimama mahali pake akifanya kazi moja tu: huyu alitia parafujo, huyu aliikaza, huyu alifunga ekseli, huyu alitia gurudumu. Kuunganisha fremu pamoja na injini na ekseli zake kulikuwa kumechukua saa 12 na nusu. Baada ya badiliko hilo kukachukua saa moja na dakika 33.

Lakini kazi ya namna hiyo huchosha roho, na watu wengi waliiacha. Tarehe 5 Januari 1914 Ford alitangaza kwamba atalipa dola 5 kwa siku ya kazi ya saa 8. Kabla ya hapo ujira ulikuwa chini ya nusu ya hizo, na siku ya kazi ilikuwa ya saa 9. Maelfu ya watu walikuja mlangoni kutafuta kazi. Ujira huo ulikuwa na masharti, kwa kuwa kampuni iliwatuma watu kuchungua jinsi wafanya kazi wanavyoishi nyumbani mwao. Hata hivyo, mfanya kazi wa kawaida sasa aliweza kutumaini kuinunua motokaa aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Ili kazi iende upesi, kila kitu kikafanywa cha namna moja. Motokaa za kwanza zilikuwa na rangi nyingine, lakini tangu mwaka 1914 hata 1925 zote zilipakwa rangi nyeusi. Ekseli ilikuwa moja, meno 40 na meno 11, kwa mtu wa tambarare na kwa mtu wa milimani pia. Na bei ikashuka mwaka kwa mwaka, mpaka ile ndogo ikauzwa kwa dola 260 katika mwaka 1924. Hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya Henry Ford: alitwaa kitu cha matajiri, akakitia mikononi mwa watu wa kawaida.

6. Sikio Lisilosikia

Nguvu ya mtu yaweza kugeuka kuwa mtego wake. Husimuliwa kwamba mwaka 1912 Ford alisafiri kwenda Ulaya, na mafundi wake wakaunda kwa siri motokaa mpya iliyoboreshwa, ili wamfurahishe arudipo. Aliporudi aliizunguka bila kusema neno. Kisha akaushika mlango akaung'oa, akaendelea kuivunja kwa mikono na kwa miguu yake, na mafundi wakimtazama. Tangu siku hiyo walijua kwamba Model T haiguswi.

James Couzens, aliyeweza kumpinga, aliondoka mwaka 1915. Mwaka 1919 Ford alizinunua hisa zote za wenzake, kampuni ikawa mali ya jamaa yake peke yao. Mwanawe Edsel aliitwa rais wa kampuni, lakini neno la mwisho lilikuwa la baba. Hivyo hakubaki mtu wa kumwambia kwamba amekosea.

Wakati huo nchi ilikuwa ikibadilika. Barabara zilitengenezwa vizuri, na watu wakataka mwendo. Wengine walikaa milimani, wakataka nguvu. Kiwanda cha Ford kiliwapa uchaguzi wa ekseli watu wa gari la mizigo peke yao, lile lililoanza mwaka 1917. Gari hilo lilikuwa na uwiano wa 7.25 kwa mizigo mizito, nalo halikupasa kupita maili 15 kwa saa. Aliyetaka aliweza kupata uwiano wa 5.17 na kwenda maili 22. Lakini mwenye motokaa ya watu alipewa 40 na 11 tu. Ndipo mafundi wa nje wakaona pengo. Katika miaka ya 1920 ekseli iliyoitwa Ruckstell, yenye gia mbili ndani yake, moja ya tambarare na moja ya mlima, iliuzwa hata katika maduka ya wauzaji wa Ford. Kuuzwa kwake kulikuwa ushahidi kwamba wanunuzi walihitaji kitu ambacho kiwanda hakikuwapa.

Mshindani mkubwa wa Ford alikuwa kampuni ya General Motors, iliyoongozwa na Alfred Sloan tangu mwaka 1923. Sloan alifuata njia nyingine. Alisema moyoni kwamba watu si wa namna moja, wala mifuko yao si ya namna moja. Basi na wapewe motokaa za namna nyingi, kila mtu kwa uwezo wake, zenye rangi mbalimbali na sura mpya kila mwaka. Motokaa yake ya bei ndogo, Chevrolet, ilikuwa na gia tatu za mbele. Aliyeisimamia ni William Knudsen, fundi hodari aliyekuwa mtu wa Ford mpaka mwaka 1921. Tena General Motors ilimruhusu mnunuzi aichukue motokaa na kuilipia kidogo kidogo. Ford naye alileta shauri lake mwaka 1923: mnunuzi aweke dola 5 kila juma, na atakapomaliza bei yote ndipo apewe motokaa. Ni nani asiyejua watu wangechagua lipi?

Mauzo yakaanza kupungua. Mwaka 1926 Ernest Kanzler, shemeji wa Edsel na mkubwa katika kampuni, alimwandikia Henry Ford waraka wa heshima, akimsihi atoe motokaa mpya kabla mambo hayajaharibika. Mwaka huo huo Kanzler aliondolewa kazini. Ford alirudisha rangi nyingine zisizo nyeusi, lakini gia na ekseli zikabaki zile zile. Wahenga walisema kweli kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

7. Kuanza Upya Katika Uzee

Lakini Henry Ford hakufa katika kosa hilo. Mwaka 1927, akiwa na miaka 63, alilazimika kukubali. Tarehe 26 Mei mwaka huo motokaa ya milioni 15 ya Model T ilitoka kiwandani, naye akaipanda pamoja na Edsel katika mvua na baridi. Kisha viwanda vikasimama kwa miezi mingi. Mashine nyingi zilifaa Model T peke yake, kwa hiyo zilipasa kubadilishwa au kutupwa. Maelfu ya wafanya kazi walikaa bila ujira, wao na watoto wao. Mwaka ule Chevrolet iliipita Ford katika mauzo. Ukaidi wa mtu mmoja ulilipwa na watu wengi wasiokuwa na hatia.

Yule mzee akarudi karakanani, akavua koti kama alivyofanya zamani. Tarehe 2 Desemba 1927 motokaa mpya, iliyoitwa Model A, ilionyeshwa kwa watu, na umati mkubwa ukaja kuitazama. Ilikuwa na nguvu za farasi 40, gia tatu za mbele, breki katika magurudumu yote manne, na rangi za kuchagua. Edsel aliitengeneza sura yake, na mara hii baba alimwachia. Karibu motokaa milioni 5 za namna hiyo ziliuzwa. Mwaka 1932 ikafuata motokaa ya silinda nane kwa bei ya watu wa kawaida, ambayo wengi walidhani haiwezekani kuundwa. Na katika miaka iliyofuata mnunuzi wa Ford aliweza kupata ekseli ya 3.78, au ya 3.54 kwa mwendo, au ya 4.11 kwa milima.

Si haki kuyaficha mabaya yake. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lake liliandika matusi mengi ya uongo juu ya Wayahudi, hata akalazimika kuomba radhi hadharani mwaka 1927. Madhara ya maneno yale yalienea mbali, hata Ujerumani, wala radhi haikuyafuta. Wafanya kazi waliotaka kuungana katika chama walipigwa na walinzi wake mwaka 1937, wala hakukubali chama chao mpaka mwaka 1941. Tena mwanawe Edsel, mtu mpole mwenye akili, alimdharau mara nyingi mbele ya watu. Edsel alifariki dunia tarehe 26 Mei 1943, miaka 16 kamili baada ya siku ile walipoipanda pamoja motokaa ya mwisho. Huzuni hiyo haikumtoka mzee. Mwaka 1945 aliiacha kampuni mikononi mwa mjukuu wake, aliyeitwa Henry kama yeye.

Mwezi wa Aprili 1947 mvua kubwa zilinyesha Michigan, na mto Rouge ukafurika, ukaizima mitambo ya umeme ya nyumba yake huko Dearborn. Usiku wa tarehe 7 Aprili Henry Ford alifariki dunia kwa mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta, akiwa na umri wa miaka 83. Yeye aliyekuwa fundi mkuu wa umeme aliondoka duniani kama alivyoingia, katika mwanga wa utambi.

Mwaka 1964, miaka 17 baada ya kifo chake, kampuni yake ilitoa motokaa iitwayo Mustang. Mnunuzi aliandikiwa orodha ndefu, akachagua injini, gia, rangi, viti, na hata uwiano wa ekseli ya nyuma. Motokaa mbili zilizotoka kiwandani siku moja zaweza kuwa hazifanani. Hivyo watu wake walirithi kiwanda chake, wakauacha ukaidi wake.

Henry Ford alikuwa na wazo moja jema, akalishika kwa nguvu wakati watu wote walipomcheka, na kwa kulishika aliwafaidia mamilioni. Alilishika vivyo hivyo wakati marafiki walipomsihi aliachie, na kwa hilo aliwaumiza wengi. Moyo ulikuwa ule ule, nyakati ndizo zilizobadilika. Mwenye motokaa ya gia moja husifiwa penye tambarare, lakini afikapo mlimani lazima ageuke, au asimame.